Mkokoteni wa Alvar

Green Bay, 2 Februari 1997

Shemeji Reino,

Pokea salamu kutoka huku kwa dada yangu Hilma. Mimi sijambo kwa macho ya watu: nakula, naoga, kanisani naenda. Mgongo wako je? Unauvaa ule mkanda wa daktari au umemfungia mbwa? Nakujua wewe.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Ulipopiga wiki ile ya Krismasi, niliposikia tu "Haloo, Verna," kikombe kikaniponyoka. Wewe na marehemu kaka yako Alvar mna sauti moja, shemeji. Mpaka nizoee, tuandikiane.

Kwanza nakushukuru kwa nyama. Soseji bado zimejaa kwenye friza ya Hilma. Siku ya mazishi, pale ukumbini chini ya kanisa, kila aliyeonja mchuzi wa yule kulungu dume wa mwisho wa Alvar alirudi na sahani yake mara ya pili. Pembe zake nimezitundika sebuleni. Hilma anazilalamikia kwamba zinamtazama akiangalia televisheni, lakini hathubutu kuzigusa.

Pili, nakushukuru kwa kumtoa msituni. Pelkola nzima inasimulia jinsi ulivyomlaza kaka yako kwenye mkokoteni, na mgongo wako huo, ukamvuta peke yako kwenye theluji ya magotini hadi barabarani. Mungu akulipe.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi ile ya tarehe kumi na tano Novemba, mlipokuwa mnapakia vitu kwenye pikapu kwenda kuwinda, ni mimi niliyemwambia Alvar, "Mwachie Reino mkokoteni, mgongo wake mbovu. Wewe una nguvu za punda." Akanijibu, "Nimeuunda kwa mikono yangu, kwa mabomba ya kitanda chetu na magurudumu ya baiskeli ya mwanetu Sonja, halafu mimi ndiye nivute kwa kamba?" Nikamcheka. Nikamwambia aache uchoyo.

Akaua dume mkubwa kuliko wote wa maisha yake, akamburuta kwa kamba hadi barabarani, akarudi kuchukua mfuko wake, akaanguka njiani. Daktari aliniambia mshipa mkubwa wa kifuani ulipasuka, na kwamba kuvuta mzigo mzito kunaweza kuupasua. Basi si nimemwua mimi, Reino? Nimemwua kwa mzaha wa asubuhi moja.

Mkokoteni ubaki kwako. Sitaki kuuona tena.

Shemeji yako,
Verna


Pelkola, 16 Februari 1997

Shemeji Verna,

Barua yako nimeipata Alhamisi. Nafurahi kusikia unakula. Huku ni baridi ya kupasua miti, na mimi na mbwa tunagombania nafasi karibu na jiko. Mkanda anauvaa yeye, ndiyo, na unampendeza.

Verna, tafadhali, yale maneno ya kumwua usiyarudie. Hukumwua mtu. Kaka alikuwa na miaka sitini na sita, alikuwa akivuta sigara na kula siagi kama mkate. Wewe ulifanya wema tu, kunihurumia mgongo wangu. Nakuomba uniamini katika hili hata kama huniamini kwa lolote jingine.

Kuna jambo nilitaka kuliandika hapa. Nimeliandika mara mbili na karatasi zote mbili nimezitia motoni. Labda siku nyingine.

Mkokoteni upo bandani, nimeufunika turubai. Mimi pia siupendi.

Msalimie Hilma na makelele yake.

Shemeji yako,
Reino


Green Bay, 20 Aprili 1997

Shemeji Reino,

Habari za huko? Theluji imekwisha au bado iko chini ya misonobari? Huku maua ya Hilma yameanza kutoa vichwa. Mimi ni mzima wa mwili.

Asante kwa kunifariji, lakini maneno yako yananipita tu. Mchungaji wa hapa naye alinifariji, naye akanipita. Nikilala namwona Alvar na ile kamba begani. Nyama sigusi tena, hata kuku. Nikiweka mdomoni nahisi ninamla yeye. Hilma anasema nimebaki macho na pua.

Kuna kazi nakupa. Nimemwagiza mzee Pesola, yule mchonga mawe, atengeneze jiwe la kaburi. Nataka juu ya jina la Alvar zichongwe pembe za yule dume, sawasawa na zilivyo, na chini yake maneno haya: ALIMTOA MSITUNI PEKE YAKE. Angalau watoto wa Sonja wakija kuzaliwa wajue babu yao alikuwa mwanaume wa namna gani. Sonja yuko Duluth, mimba yake ina miezi minne sasa, sijui kama alikwambia.

Pesola anataka mchoro. Mimi kuchora sijui, na wewe ulikuwa ukichora vizuri tangu shule. Unazikumbuka pembe zile kuliko mtu yeyote. Nichoree.

Shemeji yako,
Verna


Pelkola, 4 Mei 1997

Shemeji Verna,

Salamu. Mimi ni mzima.

Mchoro uko ndani ya bahasha hii. Ncha kumi, tano kushoto, tano kulia, na ile ya pili ya kulia imepinda kidogo kwa ndani. Nimechora mara moja tu, bila kuangalia picha.

Nadhani maneno ya chini si lazima. Jina linatosha. Lakini ni wewe mwenye kuamua.

Kula kitu, tafadhali.

Reino, shemeji yako


Green Bay, 13 Julai 1997

Shemeji Reino,

Natumaini joto halikusumbui. Sitakudanganya kwamba mimi ni mzima.

Nimemweleza Sonja. Sikuweza kukaa nalo tena. Alikuwa amepiga simu kunieleza habari ya mtoto, anasema anapiga mateke, anacheka, na mimi katikati ya kicheko chake nikamwambia yote, habari ya mkokoteni, jinsi baba yake alivyoukatalia na jinsi nilivyomcheka. Kisha akasema, "Kwa hiyo, Mama, ungemwacha na mkokoteni wake, Baba angekuwa hai." Akakata simu.

Leo ni wiki ya tano, hajapiga. Mimi nikipiga, mumewe anasema amelala. Mtu gani analala saa sita mchana wiki tano? Mtoto atazaliwa Septemba na sijui kama nitamshika. Simlaumu mwanangu, ana haki. Mimi ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.

Hilma anahesabu vidonge vyangu vya usingizi kila asubuhi, anadhani simwoni.

Pesola anasema ataanza kuchonga mwezi wa tisa. Wewe mbona siku hizi unaandika kama mtu anayekimbizwa? Nimekukosea nini? Umebaki wewe tu wa kuniandikia, shemeji, usinitupe.

Verna


Pelkola, 17 Agosti 1997

Shemeji Verna,

Safari hii sikuulizi hali. Hali yako naijua, na aliyeisababisha namjua.

Kaa chini kwanza. Kama Hilma yupo, mwambie akae karibu nawe.

Alvar hakuvuta kulungu yeyote. Yule dume nilimwua mimi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, na ukiona najitetea mahali popote, uchane karatasi hapo. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa juu ya dungu langu la kuwindia, mkokoteni uko chini. Alvar alikuwa kwenye dungu lake ng'ambo ya kinamasi, mwendo wa dakika ishirini. Nikasikia risasi upande wake. Unaijua ile desturi ya kibanda chetu cha kuwindia, kila aliyelala mle anaijua: risasi moja, unahesabu hadi kumi, ya pili, unahesabu hadi kumi, ya tatu. Maana yake njooni, nimepatwa na balaa. Sisi wawili tulifundishwa na baba kabla hatujafundishwa kusoma. Nilisikia ya kwanza, na midomo yangu ikaanza kuhesabu yenyewe. Ya pili ikalia kwenye kumi. Ya tatu ikalia kwenye kumi.

Nilikwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Ndipo dume akatoka kwenye misonobari.

Miaka thelathini na moja nimekaa juu ya dungu lile, Verna, na sijawahi kuua mwenye zaidi ya ncha sita. Alvar alikuwa akinitania mbele ya wenzetu, "Reino haji kuwinda, anakuja kutafuta supu." Na sasa huyu hapa, ncha kumi, hatua sitini, amesimama nyuma ya shina kichwa tu kikionekana. Nikajiambia Alvar amekosa shabaha mara tatu. Nikajiambia jioni tutamkata shati, tutalipigilia ukutani pamoja na mashati ya wote waliowahi kukosa. Nikacheka kimoyomoyo. Lakini nilikuwa nimehesabu. Anayekosa shabaha hahesabu hadi kumi.

Nilingoja karibu dakika kumi na tano mpaka dume akatoka nyuma ya shina. Nikampiga. Nikashuka, nikampasua, nikamtoa matumbo, nikanawa mikono kwa theluji. Nikamfunga kwenye mkokoteni nikamtoa hadi barabarani. Kaka aliuunda vizuri sana. Magurudumu yale yalipanda juu ya magogo kama hayakubeba kitu, na mgongo wangu haukuuma hata kidogo. Nilikuwa naimba, Verna.

Nilipomaliza kumpakia kwenye pikapu ndipo nikaenda kwa kaka. Ilikuwa imepita saa nzima na nusu. Alikuwa ameketi chini ya dungu lake, ameegemea mti, bunduki mapajani, uso umeelekea upande wangu. Nilimgusa shingoni. Ilikuwa bado na joto. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mkokoteni ulikuwa na damu ya dume. Niliusugua kwa theluji kabla ya kumlaza.

Nilipotokea naye barabarani, mwindaji mwenzetu Harlan Soderberg alikuwa amesimamisha gari lake kando ya pikapu yangu. Akavua kofia kwa ajili ya Alvar. Kisha akatazama ndani ya pikapu, akasema, "Dume wa namna hii! Umemwua saa ngapi, Reino?" Swali la kawaida kabisa, kila mwindaji huulizwa. Ila mimi nikaona kama ile saa nzima na nusu imeandikwa usoni mwangu. Mdomo ukasema, "Ni wa Alvar." Harlan akasema, "Maskini, amemburuta mpaka akafa." Nikanyamaza. Alipokwenda kupiga simu, nikakitoa kibali cha kuwindia mfukoni mwa koti la kaka, kile chenye jina lake ambacho sheria inataka mwindaji akifunge kwenye mnyama wake, nikakifunga kwenye pembe za dume wangu.

Mtu yeyote angeweza kuona. Kulungu aliyeburutwa kwa kamba huchubuka manyoya upande mmoja. Yule dume manyoya yake yalikuwa kama yamepigwa brashi. Hakuna aliyetazama, maana wote walikuwa wanamlilia Alvar.

Siku zile nilijidanganya kwamba namwachia kaka heshima. Barua yako ya Februari ilipofika nikaona mzigo nimemtwisha nani. Na bado nilinyamaza, nikakuchorea na pembe. Nilikuacha uamini umemwua mumeo, kwa sababu niliogopa Pelkola wasiniangalie vibaya nikinywa kahawa yangu. Ndivyo nilivyo, shemeji. Mimi ni mtu mdogo kuliko ulivyodhani.

Nimemwandikia Sonja barua kama hii, neno kwa neno. Nimemweleza Harlan. Nimemweleza Pesola asichonge. Kesho naenda kwa bwana wanyamapori nimwambie kwamba kibali cha kaka nilikifunga kwenye dume wangu.

Nina swali moja na sina haki ya kuliuliza. Daktari alikwambia Alvar alikaa hai muda gani baada ya ule mshipa kupasuka?

Reino


Pelkola, 5 Oktoba 1997

Verna,

Sijui kama bado niruhusiwe kukuita shemeji, ndiyo maana nimeacha.

Wiki ya saba hii bila jibu lako. Silalamiki. Nasikia kwa Harlan kwamba Sonja amejifungua msichana. Namshukuru Mungu. Mimi baba yake mdogo sikuambiwa, na ni sawa.

Bwana wanyamapori amechukua bunduki na kibali changu. Wenzangu wa kibandani wamenitumia ujumbe kwamba mwaka huu nafasi zimejaa. Kibanda chenye vitanda vinane na watu sita! Kwenye duka la kahawa sasa meza nzima ni yangu, na mwenye duka ananimiminia bila kuniuliza kitu. Zamani alikuwa haishi kunitania. Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa miezi yote ile, na nikwambie kweli, ni afadhali kuliko kuchora zile pembe.

Mkokoteni nimeuosha, nimeutia grisi. Sijui nimwachie nani. Siwezi kuuchoma, yeye aliuunda.

Nijibu neno moja tu: unakula?

Reino


Green Bay, 10 Novemba 1997

Shemeji Reino,

Ninakula. Na salamu pokea.

Barua yako ya Agosti niliisomea jikoni nikiwa nimesimama, sikukaa kama ulivyosema. Nilipofika mahali pa "yule dume nilimwua mimi", nilicheka. Hilma alikuja mbio, alidhani nimerukwa na akili. Nilicheka kwa sababu mkono wangu ulikuwa safi. Miezi tisa nimelala na ule mkono kama wa muuaji, na kumbe ni safi. Hasira ilikuja baadaye, siku ya pili, na ilipokuja nilitoa soseji zote kwenye friza nikazitupa, na nilitamani uwe karibu nikutupie na wewe.

Siku ya tatu Sonja alisimama mlangoni, tumbo mbele. Alikuwa ameendesha gari kutoka Duluth bila kupumzika. Alinikumbatia mpaka mtoto akanipiga teke. Tulilia mpaka tukaona njaa, kisha nikala. Msichana anaitwa Alva. Nimemshika.

Jiwe limesimama. Lina jina lake na miaka yake basi, hamna pembe. Zile pembe Sonja alizishusha ukutani siku ile ile. Ziko kwenye boksi, njoo uzichukue au uzitupe, ni zako.

Sasa swali lako.

Daktari aliniambia Novemba iliyopita, hospitalini, nikiwa bado na buti za theluji. Nilimwuliza kama aliteseka sana. Akasema mshipa ule ukipasuka mtu hana zaidi ya dakika kumi. Wewe ulikuwa mbali naye mwendo wa dakika ishirini, na hizo ni njia ikiwa haina theluji. Hata ungetupa bunduki ukakimbia, ungemkuta amekwisha. Joto la shingoni lilikuwa la ile skafu ya sufu niliyomfumia, alikuwa amejizungushia mara tatu.

Hilo ndilo jibu. Umelisubiri wiki kumi na mbili. Nami nililiandika tarehe ishirini na nne Agosti, mistari hii hii, nikaitia kwenye bahasha, nikabandika stempu, nikaifungia kwenye droo. Nilitaka uisubiri miezi tisa, kama mimi. Nilihesabu, ilikuwa nikutumie mwezi wa tano mwakani. Kila asubuhi nilifungua droo, nikaiona ipo, nikafunga, nikanywa kahawa yangu. Na kahawa ilikuwa tamu, Reino. Barua yako ya Oktoba niliisoma nikaona jinsi walivyokutenga, na ikawa tamu zaidi.

Jana Sonja alikuja na mtoto. Alikuwa anatafuta mkasi kwenye droo. Akaishika ile bahasha, akasema, "Mama, hii ya Baba Mdogo ina stempu, mbona hukuituma?" Nilifungua mdomo nimdanganye. Ndipo nikajiona. Mimi niliyejua ule mzigo una uzito gani, nilikuwa nimeketi juu ya neno moja la kukuondolea, na nikaona raha. Wewe ulifanya yako kwa woga. Mimi nilifanya nikijua.

Usidhani umetakasika. Ulipokuwa unamngoja yule dume hukujua habari ya dakika kumi. Kaka yako alikuita na wewe ukahesabu na ukabaki. Hilo sijalisamehe, na sijui kama nitalisamehe. Lakini kubeba na kifo chake juu ya hilo, hapana. Hicho hukukisababisha wewe wala mimi.

Jumamosi ni tarehe kumi na tano. Mimi na Sonja tutakuwa makaburini Pelkola saa nne asubuhi. Nitaleta mkate wa iliki na chupa ya kahawa. Njoo. Sijui kama nitaweza kukutazama usoni, na ukifungua mdomo sijui kama nitaivumilia hiyo sauti. Njoo hivyo hivyo.

Shemeji yako,
Verna